Ushuru Sifuri, Karatasi Tele: Biashara ya Uingereza Baada ya Kutoka Umoja wa Ulaya

Paleti ni kile kichanja cha mbao kinachowekwa chini ya mzigo ili forklifti iweze kuunyanyua. Mpaka tarehe 31 Desemba 2020, paleti iliyotoka Manchester kwenda Lyon ilikuwa mbao tu. Kesho yake Uingereza ikawa nje ya soko la Umoja wa Ulaya, na paleti ikawa mbao ya kigeni: ilitakiwa iwe imepashwa joto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, wadudu wafe, kisha ipigwe mhuri wa kimataifa wa ISPM 15 kuthibitisha hilo. Mzigo ulio juu yake unaweza kuwa halali kabisa, una karatasi zote na haudaiwi ushuru hata senti moja, ukakwama kwa ajili ya mhuri wa paleti.

Wiki moja kabla, tarehe 24 Desemba, Waziri Mkuu Boris Johnson alikuwa ametangaza mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya usio na ushuru wala ukomo wa kiasi. Alisema kweli. Mwenye mzigo uliokwama, akisema mpaka umekuwa mgumu, naye alisema kweli. Anayetaka kujua nchi inapata au inakosa nini kiuchumi ikijitoa kwenye umoja wa namna ile hana budi kuzishika kauli hizo mbili kwa mkono mmoja. Mijadala mingi, ya huko na ya huku kwetu, huishia kwenye viwango vya ushuru, na ushuru ni sehemu ndogo ya hesabu.

Walichotoka ni kitu gani hasa

Umoja wa Ulaya ni ngazi kadhaa, moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa ni eneo huria: nchi wanachama hazitozani ushuru kwa bidhaa zao wenyewe. Ya pili ni umoja wa forodha: wote wanatoza ushuru mmoja kwa kinachotoka nje, hivyo kikishalipiwa kwenye bandari moja kinazunguka kote bila kuulizwa kilikotoka. Ya tatu ni soko la pamoja: kanuni za chakula, dawa, mashine, leseni za benki na vyeti vya taaluma ni zile zile kila mahali, na mtu anaishi na kufanya kazi anapotaka. Juu ya hizo ndipo inakuja siasa yenyewe, yaani bunge, mahakama na bajeti.

Tofauti ya ngazi hizi mtu anaweza kuipima pale Namanga. Kenya na Tanzania zimo kwenye umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2005, na bidhaa yenye uasili wa Jumuiya hailipi ushuru. Lakini lori bado linasimama, dereva anashuka na bahasha yake, na mkaguzi anataka kuyaona mahindi. Foleni ya Dover na Calais, bandari za Uingereza na Ufaransa zinazotazamana, haikuwa imeondolewa na ushuru sifuri. Iliondolewa na ngazi ya tatu: kanuni moja ya usalama wa chakula inayosimamiwa na mahakama moja, kiasi kwamba samaki akishapitishwa Aberdeen, Mfaransa hana sababu ya kumkagua tena.

Kura ya maoni ya kutoka Umoja wa Ulaya ya tarehe 23 Juni 2016, iliyoamuliwa kwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1, haikusema washuke mpaka ngazi ipi. Mifano ilikuwepo. Norway imo kwenye soko la pamoja bila kuwa mwanachama, ila inachangia fedha, inapokea wafanyakazi wa Ulaya, na inafuata sheria ambazo haikuzipigia kura. Uturuki ina umoja wa forodha na Ulaya kwa bidhaa za viwandani tangu 1996, lakini Ulaya ikisaini mkataba na nchi nyingine, Uturuki inalazimika kulegeza ushuru wake bila kuwamo chumbani mkataba ulipojadiliwa. Uswisi ina msururu wa mikataba midogo midogo. Kanada ina mkataba wa kawaida wa biashara, basi. Mwezi Januari 2017 Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo, alisema watatoka soko la pamoja na umoja wa forodha kwa pamoja, kwa sababu alitaka kudhibiti uhamiaji na kusaini mikataba yake mwenyewe. Kuanzia hapo njia ilikuwa moja tu: kitu kinachofanana na cha Kanada. Kila kilichofuata, hata ule mhuri wa paleti, kilikuwa ndani ya uamuzi ule, ingawa wapiga kura wengi walikuja kukijua miaka minne baadaye.

(Wanaoshangaa kwa nini talaka ile ilichukua muda mrefu wakumbuke ya nyumbani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na makubaliano ya kugawana reli, ndege, meli na madeni yalisainiwa 1984, baada ya mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kuhangaika nayo kwa miaka.)

Bidhaa nayo ina kwao

Maneno “ushuru sifuri” kwenye mkataba yana mkia: ni kwa bidhaa zenye uasili wa Uingereza au wa Umoja wa Ulaya. Sababu yake inaeleweka. Uingereza sasa inapanga ushuru wake yenyewe. Bila sharti la uasili, mzigo wa China ungeingilia bandari ya Felixstowe, Uingereza, kwa ushuru mdogo, ukapakiwa upya, ukaingia Ufaransa bure. Kwa hiyo kila anayedai sifuri lazima athibitishe kwamba bidhaa imelimwa, imevuliwa au imetengenezwa kwa kiwango cha kutosha upande mmoja wa mkataba.

Chukua gari linalotoka kiwandani kwa bei ya pauni 20,000. Kanuni ya kawaida inaruhusu vipuri visivyo na uasili wa pande hizi mbili kufikia asilimia 45 ya bei hiyo, yaani pauni 9,000. Kipuri cha Ujerumani kinahesabiwa kama cha nyumbani, ila cha Japani au Uturuki hakihesabiwi. Giaboksi, injini na vifaa vya umeme vya kutoka nje vikifika pauni 9,100, gari zima linapoteza uasili na kutozwa asilimia 10, yaani pauni 2,000. Huwezi kulipia zile pauni 100 za ziada tu. Magari ya umeme yalikuwa na shida kubwa zaidi, kwa kuwa betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote na nyingi zinatoka Asia. Walipewa ukomo mlegevu wa asilimia 60 uliopaswa kukazwa 2024. Mwezi Desemba 2023, zikiwa zimebaki siku chache, pande zote mbili ziliuongezea muda mpaka mwisho wa 2026, maana hata viwanda vya Ulaya vilikuwa havijawa tayari.

Mtego wa ajabu zaidi uko kwa bidhaa ambayo haikuguswa kabisa. Peremende za Percy Pig zinazouzwa na Marks & Spencer zilikuwa zikitengenezwa Ujerumani, zikipelekwa maghala ya Uingereza, kisha zikisambazwa mpaka madukani Ireland. Januari 2021 mkuu wa kampuni hiyo, Steve Rowe, alieleza hadharani kwamba peremende hizo sasa huenda zikatozwa ushuru zinapoingia Ireland. Zinatoka Ulaya na zinaenda Ulaya, lakini njiani zimeshaingia Uingereza rasmi, na ghala la Uingereza halikuzifanyia lolote la kuzipa uasili wa Kiingereza. Kimkataba zikawa hazina kwao.

Dawa zake zipo, zote zina gharama. Mzigo unaweza kupita Uingereza chini ya utaratibu wa transiti, ukiwa na lakiri na dhamana ya fedha, bila kuingia rasmi. Unaweza kukaa kwenye ghala la forodha. Au unaikwepa Uingereza kabisa, na ndivyo wengi wa Ireland walivyofanya: feri ya moja kwa moja kati ya Rosslare ya Ireland na Dunkirk ya Ufaransa ilianza safari siku za mwanzo kabisa za Januari 2021. Maghala ya Uingereza yaliyokuwa yakilisha Ireland nzima yakapoteza kazi hiyo, na hasara ya namna hii haionekani kwenye jedwali lolote la ushuru.

Lori moja la samaki

Tuchukue lori linalopakia kusini mwa Glasgow likielekea Boulogne-sur-Mer, mji wa Ufaransa wenye soko kubwa la samaki. Ndani yake mna kamba, samoni na kaa wa wauzaji ishirini hivi. Huku kwetu tungesema wameshea kontena. Kabla ya 2021 kila muuzaji alihitaji ankara na hati ya kupakia mzigo.

Sasa kila muuzaji lazima awe na namba ya EORI, yaani utambulisho wake kwa forodha, inayoanza na herufi GB, na ajue namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, ya kila aina ya samaki, kwa sababu kamba aliyegandishwa na kamba mbichi wana namba tofauti. Kwa samaki wa kuvuliwa, si wa kufugwa, lazima awe na cheti cha uvuvi kinachotaja chombo, eneo na uzito. Kisha daktari wa mifugo aliyeidhinishwa anatoa cheti cha afya, na masharti yake yanataka sahihi na mhuri viwe vya rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa. Wiki za mwanzo za 2021 kuna mizigo iliyorudishwa nyuma kwa ajili ya rangi ya wino. Kuna tamko la uasili, ambalo muuzaji analiandika mwenyewe kwenye ankara kwa maneno yaliyopangwa na mkataba. Kuna kadhia ya forodha, yaani tamko rasmi la mzigo, ya kuutoa Uingereza na kadhia nyingine ya kuuingiza Ufaransa. Mnunuzi wa Ufaransa naye anatoa taarifa mapema kwenye mfumo wa Ulaya uitwao TRACES. Mwishowe kadhia zote zinafungwa kwa namba moja na kuunganishwa na namba ya lori. Likiwa katikati ya mlango-bahari, mfumo wa Ufaransa unalipangia rangi: kijani maana yake endelea, rangi ya chungwa maana yake ingia kwa wakaguzi.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoshinda akili ya mtu. Shida ni kwamba lori ni moja. Kaa wa muuzaji wa kumi na tatu akiandikwa kilo 48 kwenye cheti cha afya na kilo 52 kwenye ankara, samoni wa wenzake kumi na tisa wanalala getini pamoja naye. Samaki mbichi hushuka bei kila saa inayopita, na akifika baada ya mnada wa alfajiri anauzwa kama wa jana. Kampuni kubwa ya samoni haina tatizo hilo: inajaza lori zima kwa bidhaa moja, cheti kimoja, kadhia moja, na gharama ya karatasi inagawanywa kwa tani ishirini. Mwenye boti moja anaigawanya kwa kreti sita.

Baadhi ya bidhaa hazikukutana na karatasi, zilikutana na ukuta. Chaza na kome wabichi wa maji ya daraja B, yaani maji ambayo viumbe wake lazima wasafishwe kabla ya kuliwa, walikuwa wakisafirishwa hivyo hivyo na kusafishwa Ulaya karibu na soko. Nchi iliyo nje ya Umoja hairuhusiwi kufanya hivyo. Lazima iwasafishe kwanza kwenye matangi kwa saa 42, na huo ni muda unaokatwa kwenye uhai wao sokoni. Soseji mbichi na nyama ya kusaga lazima zigandishwe. Mbegu za viazi za Uskochi zilipigwa marufuku moja kwa moja. Kanuni hizi hazikutungwa kuwakomoa Waingereza. Ni zile zile walizoshiriki kuzitunga dhidi ya nchi za nje, halafu wakawa nchi ya nje. Mwezi huo huo wa Januari maofisa wa forodha pale Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, walionekana kwenye televisheni wakiwanyang’anya madereva sandwichi za nyama, na Waingereza wengi ndipo walipoelewa maana ya neno hilo.

Wauzaji wadogo wa mtandaoni waliumia kwa njia nyingine. Muuzaji wa Leeds akimwahidi mteja wa Milano kwamba bei imejumuisha kila kitu mpaka mlangoni, ni yeye anayekuwa mwingizaji wa mzigo Italia, na sheria inamtaka awe na EORI ya Ulaya na asajiliwe kodi ya VAT huko. Akimwachia mteja mzigo huo, mteja aliyenunua sweta la pauni 40 anapigiwa simu na kampuni ya kusafirisha akidaiwa VAT na ada ya kuklia, yaani ya kuutoa mzigo forodhani. Anakataa, sweta linarudi, na muuzaji analipa nauli mara mbili. Tangu tarehe 1 Julai 2021 Ulaya iliondoa hata msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22. Ipo njia nafuu ya kulipa VAT mapema kwa mzigo usiozidi euro 150, lakini nayo inataka usajili.

Upande wa kuingiza bidhaa, Uingereza ilijikuta haijajiandaa kwa mpaka wake yenyewe. Iliahirisha ukaguzi mara tano. Kwa miaka mitatu jibini la Kifaransa lilipita bila cheti cha afya huku jibini la Kiingereza likisimamishwa Calais. Vyeti vilianza kudaiwa tarehe 31 Januari 2024, na ukaguzi wa mzigo wenyewe tarehe 30 Aprili, pamoja na ada isiyozidi pauni 29 kwa kila aina ya bidhaa, wala pauni 145 kwa kadhia moja, hata kama lori halikufunguliwa. Anayeagiza aina tano za soseji na jibini kwa ajili ya duka moja la mtaani analipa ada ile ile anayolipa mwenye lori zima.

Uhuru wa kuwa na viwango vyako nao ulikutana na hesabu. Serikali ilianzisha UKCA, alama ya kuonyesha bidhaa imekidhi viwango, ichukue nafasi ya CE ya Ulaya. Kiwanda kinachouza pande zote kingelazimika kupima kifaa kilekile mara mbili. Tarehe ya mwisho ikasogezwa, ikasogezwa tena, na Agosti 2023 ikatangazwa kwamba CE itaendelea kukubaliwa bila ukomo kwa bidhaa nyingi.

Ireland ya Kaskazini

Hapa ndipo siasa na forodha zilipogongana. Kati ya Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland kuna mpaka wa kilomita 500 hivi wenye vivuko zaidi ya 200, na hakuna aliyekuwa tayari kurudisha vizuizi pale baada ya mkataba wa amani wa 1998 kumaliza mapigano ya miaka mingi. Bidhaa lazima zikaguliwe mahali fulani, kwa hiyo ukaguzi ulihamishiwa baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza, yaani ndani ya nchi yenyewe. Makubaliano ya Windsor ya Februari 2023 yalipunguza maumivu kwa kugawa njia mbili: ya kijani kwa mzigo unaobaki Ireland ya Kaskazini, nyekundu kwa unaoweza kuvuka kwenda Ulaya. Ndiyo sababu kuna maziwa yanayouzwa Belfast yakiwa na maandishi kwamba si ya Umoja wa Ulaya.

Hasara inapimwaje

Taasisi ya serikali inayokagua bajeti ya Uingereza, OBR, inakadiria kwamba mwishowe biashara ya nje ya nchi, ya kuuza na ya kuagiza, itakuwa pungufu kwa asilimia 15, na tija ya uchumi pungufu kwa asilimia 4, kuliko kama nchi ingebaki. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo inayosahaulika. Hawasemi uchumi umeshuka kwa asilimia 4. Wanasema unakua, ila kwenye njia iliyo chini zaidi, na pengo linafunguka polepole kwa miaka kama kumi na mitano. Ndiyo maana hakuna siku ambayo mtu aliamka akaona kishindo. Na ndiyo maana kubishana ni rahisi: janga la korona liliingia mwaka ule ule wa kutoka, 2020, vita vya Ukraine vikafuata, kila mtu akapata cha kusingizia.

Kwa uchumi wa takriban pauni trilioni 2.5, kama ulivyokuwa 2022, asilimia 4 ni kama pauni bilioni 100 kwa mwaka. Mchango halisi wa Uingereza kwenye bajeti ya Ulaya, baada ya kutoa fedha zilizorudi, ulikuwa kama bilioni 9. Huo ndio ukubwa wa kosa la kampeni ya 2016 ya waliotaka kutoka, iliyokazia michango peke yake.

Utafiti wa London School of Economics wa 2024 ulifukua jambo lililofichika chini ya wastani. Kampuni zipatazo 16,400, yaani asilimia 14 ya zilizokuwa zikiuza Ulaya, ziliacha kabisa. Kampuni kubwa mauzo yake hayakuyumba sana. Linganisha na lile lori la samaki, utaona sababu.

Na pauni je? Usiku wa kura ilianguka kutoka karibu dola 1.50 mpaka chini ya 1.35. Vitabu vinasema fedha ikishuka, mauzo ya nje yanapanda. Yalipanda kidogo tu, kwa kuwa kiwanda cha leo kinaagiza sehemu kubwa ya vipuri vyake nje, na vipuri vilipanda bei pamoja na mafuta na chakula.

Huduma ni habari tofauti, na hapa waliotabiri maangamizi walikosea. Benki za London zilipoteza haki ya kuhudumia Ulaya nzima kwa leseni moja, na mwezi wa kwanza tu wa 2021 Amsterdam iliipita London kwa biashara ya hisa. Wahasibu, wasanifu majengo na wanamuziki walipoteza kutambuliwa kirahisi. Hata hivyo mauzo ya huduma yameendelea kukua vizuri. Ushauri wa kisheria unaotumwa New York kwa barua pepe haupandi juu ya paleti.

Mikataba mipya na suala la umbali

Hoja nzito ya waliotaka kutoka ilikuwa kwamba Uingereza itasaini mikataba yake na dunia. Imesaini. Wa Australia na wa New Zealand ilianza kazi tarehe 31 Mei 2023, ikajiunga na kundi la CPTPP la nchi za Pasifiki Desemba 2024, ikasaini na India Julai 2025. Lakini soma makadirio ya serikali yenyewe: Australia itaongeza asilimia 0.08 ya pato la taifa kwa muda mrefu, New Zealand 0.03, India 0.13. Yote kwa pamoja, hata ukiongeza CPTPP, haifiki nusu ya asilimia moja.

Wanauchumi wanajua kwa nini, na hata mwenye duka anajua. Nchi hufanya biashara zaidi na jirani mkubwa kuliko na rafiki wa mbali. Umbali ukiongezeka maradufu, biashara hupungua kama nusu. Kutoka Dover mpaka Calais ni kilomita 40 hivi. Mpaka Canberra ni karibu 17,000. Miaka kadhaa baada ya kutoka, Ulaya bado inanunua zaidi ya asilimia 40 ya kila Uingereza inachouza nje.

Faida ya kweli ilijitokeza 2025, Marekani ilipopandishia dunia ushuru: Uingereza ilipangiwa msingi wa asilimia 10, Umoja wa Ulaya ukakubaliana asilimia 15. Kwa muuza mashine, tofauti hiyo ilikuwa fedha.

Waridi la Naivasha

Talaka ya wawili hawa iliifikia Afrika Mashariki siku ile ile. Mpango ulioipa Kenya ushuru sifuri ulikuwa wa Ulaya, na Uingereza ilipotoka Ulaya ilitoka pia kwenye mpango huo. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuwa na wasiwasi mkubwa: kama nchi maskini zaidi zinaingia bila ushuru kwa mpango wa upande mmoja, ambao Uingereza iliuendeleza na tangu Juni 2023 unaitwa DCTS. Kenya ni nchi ya kipato cha kati, haimo humo. Bila mkataba wake, maua yangeweza kutozwa mpaka asilimia 8. Wakulima wa Naivasha walikuwa wameshaonja hali hiyo: kati ya Oktoba na Desemba 2014 Kenya ilitozwa ushuru Ulaya kwa karibu miezi mitatu kwa sababu mazungumzo ya Jumuiya yalichelewa. Safari hii haikungoja. Ilisaini na Uingereza peke yake tarehe 8 Desemba 2020, na mkataba ukaanza kutumika Machi 2021.

Kusaini peke yako ukiwa ndani ya umoja wa forodha ni kuuchokoza ule mtego wa peremende, ila kwa kinyume. Bidhaa ya Uingereza itaingia Mombasa kwa ushuru unaopunguzwa taratibu kwa miaka 25, wakati Tanzania inatoza ushuru kamili wa Jumuiya kwa bidhaa ile ile. Kadiri tofauti inavyokua, ndivyo ofisa wa Namanga anavyopata sababu mpya ya kuuliza mzigo ulikotoka.

Kwa msafirishaji, kilichobadilika ni njia. Waridi linaloruka moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka London linaingia bila ushuru. Waridi lile lile likipitia mnada wa maua wa Aalsmeer, likaingia Uholanzi rasmi na kufungwa kwenye shada pamoja na maua mengine, likifika Dover linaweza kushindwa kudai uasili wa Kenya na kutozwa asilimia 8. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba Uingereza ilisimamisha ushuru huo kwa maua yote, yatoke kokote, kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 mpaka 30 Juni 2026. Mpangilio wa namna hiyo una tarehe ya kufa, kwa hiyo mwenye mkataba wa miaka mitano na supamaketi asiujengee bei. Pia viwango vya mabaki ya dawa kwenye mboga sasa vinapangwa na kila upande kivyake. Mishiri (maharagwe mabichi) iliyopita Amsterdam isichukuliwe kwamba imeshapita London. Mkulima afuate kiwango kilicho kikali kati ya viwili, au atenge mashamba kwa soko kabla ya kupulizia, si baada ya kuvuna.

Kupanda tena ngazi moja

Mei 2025, Uingereza na Umoja wa Ulaya walikubaliana kutafuta mkataba wa afya ya wanyama na mimea. Bei yake iliwekwa wazi. Uingereza itafuata kanuni za Ulaya za chakula kila zinapobadilika bila kuzipigia kura, mahakama ya Ulaya itakuwa na neno la mwisho kuhusu tafsiri ya kanuni hizo, na itachangia gharama. Siku hiyo hiyo wavuvi wa Ulaya walihakikishiwa kuingia maji ya Uingereza mpaka 2038. Yaani ni kama Norway, ila kwa chakula, wanyama na mimea peke yake.

Ukirudi kwenye lori la Boulogne, mkataba huo ukikamilika unamwondoa daktari wa mifugo na wino wake. Soseji zitavuka mbichi, na chaza watasafishwa karibu na soko kama zamani. Kadhia mbili za forodha na tamko la uasili vitabaki palepale kwa kila muuzaji, kwa kuwa serikali ya Keir Starmer, iliyokubali hayo, ilisema hairudi kwenye umoja wa forodha wala soko la pamoja, na muuzaji wa kumi na tatu bado atatakiwa kuhakikisha kilo za kaa wake zinalingana kwenye karatasi zote.